Bluebird Isiyo na Injini

Boneti ilikuwa wazi, na chini yake hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo tulipomwacha Tu Pi-yun wiki iliyopita, Jumapili asubuhi, kwenye banda la uani nyuma ya duka lao la wali wa bata mzinga hapa Chiayi, turubai likiwa bado mkononi mwake. Baadhi yenu mmenisimamisha njiani kuniuliza kama alizimia. Hakuzimia. Aliinama, akatazama ndani ya tundu lile mpaka akaona sakafu ya saruji upande wa chini.

Kwa msomaji anayeingia leo, nitasema kwa ufupi. Pi-yun ni mwanamke wa miaka sitini na ushei. Usichana wake aliumalizia Taoyuan, akishona viti vya magari katika karakana moja yenye joto kama tanuri. Vilikuwa viti vya gari liitwalo Bluebird, vya plastiki nyekundu inayonata mapajani. Alivishona mpaka vidole vikapinda, na hakuwahi kukalia hata kimoja kikiwa barabarani. Akaolewa, akaja Chiayi, akawa mke wa mtu wa wali. Lakini ndoto haikutoka: siku moja atapata Bluebird iliyokufa, aifufue kwa mikono yake mwenyewe, aiendeshe.

Mwaka jana akaipata. Mjane wa daktari mmoja kule Minhsiung alikuwa nayo imeozea bandani, katikati ya mashamba ya mananasi. Alimwambia akiweza kuifufua ni yake, na asipoweza pia ni yake. Tangu siku hiyo, kila alipofunga duka Pi-yun alivaa ovaroli, akasugua kutu, akaziba matundu, akasafisha kabureta kwa mswaki. Injini ilikuwa imekwama kabisa. Akaitia mafuta, akaibembeleza, akaitukana, mpaka mwezi uliopita ikakubali kuzunguka kwa mkono. Alikaa chini uani akalia peke yake, kisha akalifunika gari aupumzishe mgongo wiki mbili.

Sasa injini hiyo haipo.

Aliinuka, akaenda kwenye mlango wa banda. Kufuli lilikuwa zima. Bawaba zilikuwa zima. Akarudi kwenye gari, akatazama tena, na safari hii akaona jambo jingine: nyaya hazikukatwa. Zilifunguliwa moja moja, zikafungwa pamoja kwa utepe, zikawekwa pembeni kwa adabu. Aliyeichukua injini hakuwa na haraka. Aliingia kwa ufunguo.

Na ufunguo wa pili ulikuwa na mtu mmoja tu.

Chien Huo-wang, mumewe, alikuwa jikoni akikata nyama. Ni mtu mpole, mwembamba, na watu huja kutoka mbali kwa sababu ya vitunguu vyake vya kukaanga. Pi-yun alisimama mlangoni. Siku zote humwita mzee. Siku hiyo hakumwita hivyo.

"Huo-wang, injini yangu iko wapi?"

Kisu kiliendelea. Akauliza injini gani.

"Usinifanye mtoto."

Kisu kikasimama. Huo-wang akafuta mikono kwenye aproni, akavuta pumzi, akatabasamu tabasamu la mtu aliyefumaniwa anafunga zawadi. Akasema alitaka iwe siri. Alimpelekea Yen Tso-min, mwenyekiti wa chama cha magari ya kale, ambaye ana mafundi na mashine za kila aina. Injini ikafunguliwe yote, isafishwe, irudi ikiwa mpya kabla ya siku ya kuzaliwa ya Pi-yun. Alikuwa anamwona akihangaika uani, mgongo unamuuma, akamhurumia.

Pi-yun alivuta kigoda akakaa. Alikuja na hasira za kubomoa ukuta, na ukuta haukuwepo. Muda wote mumewe hakuwahi hata kuligusa lile gari. Kumbe alikuwa anamtazama. Kumbe aliona.

Akamwambia asante. Akamwomba radhi kwa kumshuku. Nakwambieni, hilo neno asante ndilo lililomgharimu Huo-wang baadaye kuliko yote aliyoyatenda.

Kisha akasimama, akasema, "Basi twende nikaione."

Huo-wang akasema leo Jumapili, wateja wanakuja. Pi-yun akajibu wao wawili watatoka kwa saa moja tu. Huo-wang akasema Yen hayupo kwenye gereji, yuko kwenye maonyesho kando ya mto. Pi-yun akasema vizuri zaidi, ataona na magari. Huo-wang akasema hapana, na hiyo hapana ilitoka haraka mno.

Pi-yun alimtazama. Akaenda kwenye jiko, akazima moto. Akatoka mbele, akawaambia waliokwisha kupanga foleni kwamba leo hakuna wali. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ameshika bakuli tayari alitaka kujua kuna msiba gani. Pi-yun akamjibu bado hajajua.

Walipanda pikipiki, mke mbele, mume nyuma, naye bado kavaa aproni. Siku nyingine Huo-wang humshika kiunoni. Siku hiyo alishika chuma cha nyuma. Kwenye taa nyekundu Pi-yun alimuuliza, bila kugeuka, mbona anahema hivyo. Akasema ni jua.

Maonyesho yalikuwa yamejaa. Magari ya kale yamepangwa kwenye nyasi, yanang'aa, watoto wamebebwa mabegani, wauza soseji wanapepea makaa. Katikati kabisa, juu ya zulia jekundu, ilisimama Bluebird nyeupe ya Yen Tso-min, boneti juu, na Yen mwenyewe kando yake na glovu nyeupe mikononi kama daktari wa meno.

Huyu Yen mnamkumbuka. Ndiye aliyeitamani ile Bluebird ya Minhsiung miaka na miaka, na mjane akamkatalia kila mara kwa sababu alijua anataka kuikatakata afunge vipande kwenye gari lake. Ndiye aliyemwambia Pi-yun siku ya kwanza alipokwenda chamani kuuliza habari za vipuri: "Shemeji, gari siyo bata. Huwezi kulichemsha likaiva." Chama kizima kikacheka. Pi-yun alirudi nyumbani siku hiyo akasugua kutu mpaka kucha zikakatika.

Alisogea kwenye zulia. Watu walikuwa wamezunguka boneti wanapiga picha. Akapenya, akatazama.

Injini iliyokuwamo ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu. Imesuguliwa, imepigwa mafuta, inameta. Lakini aliijua, kama unavyomjua mtoto wako hata akivalishwa sare ya shule nyingine. Mfuniko wa juu ulikuwa na kovu upande wa kushoto, pale alipougonga kwa nyundo akiunyoosha, nyundo ikateleza. Kovu lilikuwa pale pale, chini ya rangi ya Yen.

Kando yake palisimama kibao kilichosema kila kitu katika gari hili ni cha asili, tangu siku lilipotoka kiwandani.

Wazo la kwanza la Pi-yun lilikuwa kumsikitikia mumewe. Maskini, amedanganywa. Alimpa mtu injini aitengeneze, mtu amelivalisha gari lake. Akageuka amwambie. Huo-wang alikuwa amesimama mbali, mbele ya gari jingine, anasoma namba yake kana kwamba ni shairi.

Yen akawaona wote wawili. Akafungua mikono.

"Shemeji, karibu. Umekuja kumwona mgonjwa wako? Amepona."

Pi-yun akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba ameambiwa injini ililetwa kutengenezwa, na angependa kujua imefikaje ndani ya gari la mwenyekiti. Yen akamtazama. Akamtazama Huo-wang. Kisha akacheka, akacheka zaidi, akavua glovu moja apanguse jicho.

"Kutengenezwa? Kaka Huo-wang, hivyo ndivyo ulivyomwambia?"

Huo-wang akaiinamia ile namba zaidi.

"Shemeji, mimi sipendi kuingilia ya watu chumbani," Yen alisema, na watu wakasogea wasikie vizuri. "Mumeo hakuniletea niitengeneze. Aliniita niichukue. Alinifungulia mlango, akashika upande mmoja, mimi upande mwingine. Alisema ukikosa injini utachoka na huu utoto, utarudi jikoni."

Pi-yun alisimama. Nimesimuliwa na waliokuwepo kwamba aligusa lile kovu kwenye mfuniko kwa kidole.

"Nirudi jikoni," alisema. "Nilitoka lini?"

Akamwendea mumewe. Watu wakampisha. Akamshika aproni kifuani, akamgeuza amtazame.

"Ni kweli?"

Huo-wang alitazama viatu vyake. Pi-yun akasema hatauliza tena, na kama hana la kusema basi amwambie tu kwa nini.

Sababu ikatoka taratibu. Alisema siku ile mjane wa daktari alipokuja kula dukani, aliwasikia wakizungumza. Alimsikia Pi-yun akisema gari likiwaka ataondoka nalo peke yake, azunguke kisiwa chote kwa barabara ya pwani, alale popote usiku utakapomkutia, asipike kwa mtu. Alisema tangu siku hiyo kila alipoona injini inapona, yeye anaugua. Alipoiona inazunguka kwa mkono, na mkewe analia kwa furaha ambayo yeye hajawahi kumletea, akampigia Yen simu.

"Nilidhani ukienda hurudi."

"Tangu unioe nimekwenda wapi nisirudi?"

"Hujawahi kwenda popote," Huo-wang alisema. "Ndiyo maana sijui."

Hapo pangetosha kwa mwanamke mwingine kulia. Pi-yun hakulia. Alimwachia aproni, akarudi kwenye zulia jekundu. Pembeni mwa Bluebird nyeupe Yen alikuwa ameweka sanduku la spana za kale, zimepangwa kwa urembo, za kutazama tu. Akainama, akachagua moja.

Alianza na betri. Akafungua waya wa kwanza, akautupa pembeni. Akafungua wa pili. Yen alidhani ni mzaha, akawageukia watu akawaambia shemeji leo kaamka na gesi tumboni. Kisha Pi-yun akapiga goti, akafungua koki chini ya rejeta, na maji ya kijani yakamwagika juu ya zulia jekundu, yakawafikia viatu waliosimama mbele.

Yen akaacha kucheka. Akamshika mkono. Pi-yun akautazama ule mkono, akaitazama spana, akamtazama Yen. Yen akauachia.

Akarudi nyuma, akatoa simu, akaita polisi. Pi-yun aliendelea. Alivua mipira ya maji, akafungua nyaya moja moja, na katika hasira zake zote alizifunga pamoja vizuri, kwa sababu injini ilikuwa yake na hakutaka iumie. Simu za watu zilikuwa juu zikimpiga picha. Mzee mmoja mwenye gari la kale jirani alimletea kitambaa cha kufutia mikono, akarudi kwenye kiti chake.

Polisi aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi, Sajini Kang, aliyekula wali wa Huo-wang mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbushwa. Alisikiliza pande zote mbili. Akamwomba Pi-yun aweke spana chini kwanza. Pi-yun akaiweka, lakini akaikanyaga.

Yen alieleza kwa ufasaha. Alisema alipewa injini na mwenye nyumba, mchana kweupe, na kwamba mume na mke mali yao ni moja. Aliyeharibu gari la mtu mbele ya umma ni huyu mama, na yeye anataka alipwe zulia lake na heshima yake.

Sajini akavua kofia, akajipepea. Akasema jambo lenyewe ni fupi. Kama Huo-wang alikuwa na haki ya kuitoa injini ile, basi waende wakasumbuane mahakamani, na injini ibaki ilipo mpaka hakimu aseme. Kama hakuwa na haki na aliichukua kwa siri, basi ni mali ya wizi, na gari hili halisogei hata kidogo.

Kwa hiyo akamuuliza Huo-wang.

Yen alimsogelea Huo-wang, akamwekea mkono begani. "Kaka, kuwa na akili. Mke na mume hamuibiani. Sema ulinipa, yaishe, twende tukanywe chai. Huu ni mji mdogo, kesho utamkatia nani nyama?"

Huo-wang aliutazama ule mkono begani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kutazama kitu kingine zaidi ya viatu vyake. Akajichomoa.

"Niliiba," alisema.

Sajini akamtaka arudie, hakusikia.

"Niliiba. Injini ni yake. Mjane wa daktari alimpa yeye, hakutupatia sisi. Nilingoja aende sokoni, nikafungua kwa ufunguo wa akiba. Na huyu alijua. Nilimwambia mke wangu hana habari, akasema ndiyo vizuri."

Sasa tabasamu la Yen lilikwenda likizo. Akaanza kusema huyu mtu kachanganyikiwa, jua limempiga, mwacheni. Sajini akamwambia atafikiwa. Kisha akamgeukia Pi-yun, na sauti yake ikabadilika.

Akamweleza kwamba wizi wa mume kwa mke, sheria haiugusi mpaka aliyeibiwa mwenyewe aseme anashtaki. Asiposhtaki, yeye anavaa kofia yake anakwenda, na Yen anabaki na alichonacho mpaka mahakama itakapoona. Akishtaki, injini inashikiliwa leo hii, na Huo-wang anapanda gari la polisi.

"Kwa hiyo, mama, lazima nikuulize. Unamshtaki mumeo?"

Mama mmoja kwenye umati akasema kwa huruma, msamehe, ameshakiri. Mwingine akaunga mkono, akasema wanaume ndivyo walivyo, amwache wayamalize nyumbani.

"Usiponishtaki hutaipata," Huo-wang alimwambia mkewe polepole.

"Nyamaza. Usinifundishe la kusema."

Alimtazama mtu huyu ambaye amelala naye, amepika naye, amezika naye wazazi wa pande zote mbili. Aproni yake ilikuwa na mafuta ya asubuhi. Alikuwa amezeeka. Angeweza kumsamehe wizi. Angeweza hata kumsamehe ule woga wake, kwa sababu aliuelewa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Ndiyo," alisema. "Namshtaki."

Umati ukaguna.

"Na uandike vizuri, Sajini. Si kwa ajili ya injini. Andika kwamba leo asubuhi nilimuuliza, akaniambia ni zawadi. Nikamwamini. Nikamwambia asante. Nikamwomba radhi. Na yeye akaipokea asante yangu."

Sajini Kang akaandika. Akamnyang'anya Yen ufunguo wa Bluebird nyeupe, Yen akipiga kelele kuhusu mawakili anaowajua. Kisha akamwonyesha Huo-wang gari la polisi, bila kumfunga pingu, akamfungulia mlango wa nyuma kama anayemsindikiza mgonjwa.

Huo-wang alipofika mlangoni alisimama. Akavua aproni yake, akaikunja, akatafuta pa kuiweka. Akampa mkewe. Pi-yun akaipokea kwa vidole vyake vyenye grisi.

Huo-wang akamwambia bata mzinga yuko kwenye sufuria ya nyuma, asisahau kumtoa, na vitunguu vilivyobaki vinatosha kwa kesho. Kisha akauliza kama anavyouliza mtu kila Jumapili ya maisha yake:

"Kesho nani atafungua duka?"

"Sijui," Pi-yun alisema. "Kesho mimi sipo."